Mume wa Wakonyo Anarudi India

Wakonyo alikuwa na mume kijana, na kijiji kizima cha Gakindu kilijua. Alimwita mume wangu sokoni, akamwita mume wangu kwenye foleni ya kupima kahawa, na Jumapili moja akamwita mume wangu mbele ya padre mgeni Mwitaliano. Padre alimtazama yule bibi asiye na meno ya mbele, akamtazama kijana mwenye ndevu tatu, akafanya ishara ya msalaba. Ilibidi katekista amvute kando amweleze.

Maelezo yenyewe si marefu. Mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, na akishapewa jina amepewa na cheo. Marehemu mume wa Wakonyo aliitwa Kingori. Mjukuu akaitwa Kingori. Basi Wakonyo, tangu amzike yule wa kwanza, hakuwahi kukubali kwamba yeye ni mjane kamili. "Mmoja nimemlaza," alikuwa akisema, "na mwingine ndiyo kwanza anaota meno."

Aliyepata taabu kwa desturi hii ni Ngatia, mwana wa Wakonyo na baba wa yule kijana. Kwa kuwa mwanawe alibeba jina la baba yake, Ngatia alimwita mwanawe "baba". Siku Kingori alipovunja kibuyu cha maziwa, akiwa bado mdogo, Ngatia alichukua fimbo akasema kwa ukali, "Baba, njoo hapa nikuchape." Wakonyo alicheka mpaka akashika mti wa kahawa, na fimbo ikarudi ilikotoka. Toka siku hiyo ikajulikana kwamba Kingori akitaka kuamriwa jambo zito, mwenye kumwamuru ni mke wake.

Na mwaka huo jambo zito likaja. Nchi ilikuwa na miaka kumi na kidogo tangu bendera ipande, na serikali ilikuwa ikitafuta mainjinia wake yenyewe kama mtu anavyotafuta kuku waliotawanyika. Kingori alikuwa amemaliza kidato cha sita na kufaulu, akapata nafasi mbili kwa mpigo. Moja ilikuwa chuo kikuu cha Nairobi, asomee uhandisi wa barabara na madaraja. Nyingine ilikuwa India, mji wa Baroda, asomee uhandisi wa umeme, na serikali ya kule ndiyo ingemgharamia. Alitakiwa kujibu kabla ya mwezi kuisha.

Ngatia alitaka Nairobi, na alikuwa na sababu yenye magurudumu. Kona ya mtoni, lori la kahawa lilikwama kila msimu wa mvua, na wazee wazima wenye wajukuu wakaitwa kusukuma. "Barabara kwanza," alisema. "Umeme utakuja baadaye. Taa itamulika nini sasa hivi? Matope?"

Kingori alitaka umeme. Hakulisema kwa kelele, lakini mikono yake ilikuwa ikilisema tangu utotoni. Alishika waya kama wenzake walivyoshika mkono wa mchumba. Wakati huu wa kungojea alikuwa Nyeri mjini, akitengeneza redio na pasi katika duka la Thakorbhai, na watu walikuwa wakileta redio zilizokwisha kufa na kuombewa, zikatoka pale zinaimba.

Jumamosi moja alikuja nyumbani na nyama imefungwa kwa gazeti, akakaa kwenye kigoda karibu na moto wa cucu, yaani nyanya yake. Alimweleza yote. Kisha akasema kwamba baba yake amekataa kuamua. Ngatia alikuwa amesema hivi: nitamwamuruje baba yangu? Nenda kaulize mkeo.

"Na wewe unataka nini?" Wakonyo aliuliza.

"Nataka umeme, cucu. Lakini ukisema Nairobi, naandika Nairobi. Siwezi kwenda mbali hivyo na moyo wako umenuna."

Wakonyo aligeuza nyama kwenye makaa. Alisema mume akilala Nairobi anaweza kurudi Jumamosi na nguo chafu kama waume wengine, bali akilala India itabidi nguo zake zifuliwe na nani? Kijana akacheka. Naye akacheka. Mazungumzo yakaishia hapo, kwa sababu nyama ilikuwa imeiva.

Lakini kicheko cha Wakonyo siku hiyo hakikufika tumboni.

Kingori wa kwanza alikuwa amekwenda India. Ilikuwa wakati wa vita vya Hitla, vijana walipobebwa kwa malori kama viazi, wakavalishwa kaptula, wakavushwa bahari kwenda kupigana na Wajapani huko Bama. Wakonyo alibaki na watoto wadogo na shamba la mtama. Akangoja. Watu walipoanza kurudi, wa kwake hakurudi nao, alikuwa kwenye hospitali moja ya huko India, tumbo limemharibika na homa haimwachi. Alipofika hatimaye alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, na alikuwa mkimya kuliko alivyoondoka. Wakonyo alihesabu kwamba India imemrudishia nusu, nusu nyingine imebaki nayo.

Kisha kulikuwa na kile chakula. Kila alipopatwa na homa, yule mzee aliomba kitu kimoja: mchele na dengu, vipikwe pamoja mpaka vivunjane, vitiwe manjano viwe kama ua la malenge, na samli juu. Wakonyo aliuliza nani alimpikia. Akajibiwa, mama mmoja mzee pale hospitalini. Mzee wa kiasi gani? Mume akacheka, hakujibu. Basi ikawa kosa. Wakonyo akampa yule mama jina la mke mwenza, akaapa kwamba chungu cha mke mwenza hakipikwi katika nyumba yake. Homa ikija, mume anaomba dengu, mke anamletea uji na maneno: "Dengu kaombe kwa mwenzangu." Huo mzaha ulidumu miaka yao yote, ukazeeka nao.

Sasa India hiyo hiyo ilikuwa inataka na huyu wa pili.

Angeweza kumwambia tu, usiende. Ila ukimzoeza mtu mzaha miaka ishirini, ukisema la kweli atangoja mkia wa kichekesho. Na kama angeamini ingekuwa vibaya zaidi, maana angetii, na Gakindu wangesema bibi kizee amemfunga injinia kwa kamba ya aproni. Hapana. Wakonyo alitaka kijana akatae India mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe. Akawaza wapi pa kumshikia. Hakuwaza sana. Akamshikia kwenye nyama.

Kingori angeweza kupita mbele ya kanisa bila kuvua kofia, lakini hakuweza kupita mbele ya bucha bila kusalimia. Na Wakonyo alijua kutoka kwa kijana mwenyewe kwamba watu wa akina Thakorbhai, ambao kwao ni huko huko Baroda, hawali nyama wala yai. Siku ya soko akapanda basi kwenda Nyeri, na kikapu cha njahi, yale maharagwe meusi, kwenye mapaja.

Mke wa Thakorbhai aliitwa Rasila, lakini wateja walimwita Mama Shashi, kwa mtoto wake Shashikant. Yeye na Wakonyo walikuwa wamefahamiana kwa miaka juu ya kaunta. Mmoja aliita bei ya kitambaa, mwingine akajifanya anaondoka, akaitwa arudi, na kila mmoja akamwita mwenzake mwizi kwa upendo mkubwa. Kiswahili chao wote wawili kilikuwa cha dukani, kilizaliwa kati ya chumvi na mafuta ya taa, na kilitosha.

"Mama Shashi, mimi niko na shida," Wakonyo alisema.

"Shida ya bei tena?"

"Shida ya bwana. Anataka kwenda kwenu."

Rasila alitazama nyuma ya duka, ambako Kingori alikuwa ameinamia redio, akaelewa bwana ni yupi. Wakonyo akainama juu ya kaunta, akashusha sauti. Alitaka kijana apikiwe chakula ya Baroda, ya kule kabisa, mchana mmoja tu. Nyama isionekane. Na pilipili itiwe kama mtu anafukuza nyuki.

"Unataka yeye akimbie," Rasila alisema.

"Ati akimbie? Nataka afikirie na tumbo yake."

Rasila alipanga vitambaa ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari. Kisha akasema walete mguu Ijumaa mchana, yeye na bwana yake. Wakonyo akasema yeye hakuwa na haja ya kula, angengoja nje na kikapu chake. Rasila akacheka kicheko kidogo, ambacho mtu mwenye akili ya Wakonyo angepaswa kukitilia shaka.

"Bibi ya mgeni haiwezi kaa inje," alisema.

Sasa, lazima ieleweke kwamba kati ya duka na nyumba kulikuwa na pazia la maua. Kingori alikuwa amefanya kazi upande huu wa pazia miezi mingi, na chakula chake cha mchana alikinunua kwenye hoteli ya nyama ng'ambo ya barabara. Harufu za upande ule alizijua. Sahani zake hakuzijua. Hakuna aliyemkataza kupita, na hakuna aliyemkaribisha, ndivyo mambo yalivyokuwa katika miji yetu, kila mtu na pazia lake. Ijumaa ile Rasila alilishika pazia kwa mkono wake akalifungua, akasema karibuni, na Kingori akavua viatu kwa haraka hata soksi moja ikatoka navyo.

Thakorbhai alibaki dukani na wateja. Mezani kulikuwa na wageni wawili tu, na Wakonyo akaona kosa lake la kwanza. Alikuwa amesahau kwamba mkubwa hupakuliwa kwanza, hata kwa Wahindi.

Viazi vilikuja vyekundu. Bilinganya ikaja nyeusi, na achari ya embe ikawekwa pembeni kama askari wa akiba. Rasila alisimama, mikono imefumbatwa, anangoja mkubwa aonje. Wakonyo akaonja.

Alisimulia baadaye kwamba alifikiri meno yaliyobaki yanahama. Machozi yalimtoka, pua ikamtoka, masikio yakalia kama redio isiyopata stesheni. Lakini mgeni hatemi. Akameza, akasema kwa sauti ya mtu aliye kisimani, "Ni tamu," na kwa ajili ya uongo huo akaongezewa.

Kingori naye alikuwa ametokwa na jasho puani, anachovya chapati, anakula. Akaomba ile bilinganya. Akaomba achari. "Cucu, umeonja hii?" aliuliza, akamwekea kijiko kizima, na katika jicho lake kulikuwa na kitu ambacho Wakonyo alikitambua, kwa kuwa kilikuwa chake mwenyewe. Kijana alikuwa anamtania.

Rasila alimhurumia. Aliingia jikoni akarudi na bakuli na gilasi ya maziwa ya mgando. "Sasa hii," alisema. "Hii itazima moto."

Ilikuwa ya rangi ya ua la malenge. Mchele na dengu, vimepikwa pamoja mpaka vimevunjana, na samli imelala juu.

Wakonyo alitia kijiko mdomoni. Alitia kingine. Kingori aliacha kutafuna akamwangalia, kwa kuwa hakuwahi kumwona cucu yake akinyamaza mahali ambapo hakuna mtu anayesali. Chakula kilikuwa laini na cha upole. Hakikuwa na ubishi wowote. Kilishuka kifuani kama mkono wa mtu anayekupapasa mgongo.

"Hii nani hula?" Wakonyo aliuliza mwishowe.

"Hii? Hii ya mgonjwa," Rasila alisema. "Ya mtoto. Ya mtu ametoka safari, tumbo imechoka, roho imechoka. Ukiona mtu ya nani hujui, mgonjwa, unapikia yeye hii. Si ya karamu. Mama yangu alinipikia siku mimi napanda meli kuja kuolewa huku. Nilikuwa mdogo kuliko huyu," akamwonyesha Kingori kwa kidevu.

"Na ulipofika huku, nani alikupikia?"

"Nani atapika? Mimi nilipika. Nililia ndani ya sufuria. Haikutaka chumvi."

Wote wawili wakacheka, halafu wakaacha kucheka kwa wakati mmoja. Wakonyo alikwangua bakuli mpaka likabaki jeupe. Alikuwa akimwona mume wake wa kwanza kwenye kitanda cha hospitali, mbali, hana lugha ya mtu yeyote pale, na mkono wa mama fulani unamletea kijiko mdomoni. Miaka yote ile alikuwa amefikiri kwamba yule mwanamke alimchukulia nusu ya mume. Kumbe ndiye aliyemrudisha. Bila bakuli lile asingekuwapo wa kumtania. Naye mumewe maskini, kila homa ikija, hakuwa akitamani mwanamke wa mtu. Alikuwa anasema tu, mimi ni mgonjwa, nishike.

"Ningempikia," aliliambia bakuli kwa Kigikuyu. "Mjinga wewe, ungesema vizuri ningekupikia."

Walitembea kuelekea stendi ya basi, kijana amebeba kikapu. Rasila alikuwa amekirudisha na dengu, manjano na chupa ya samli. Kingori alingoja mpaka walipokaa kwenye benchi.

"Mama Shashi aliniambia kila kitu asubuhi," alisema. "Ati nikimbizwe kama nyuki."

"Mwanamke huyo ni mwizi. Nilisema siku nyingi."

"Cucu, acha mzaha kidogo. Jumatatu napeleka jibu. Unataka niende, au unataka nisiende?"

Wakonyo alitazama upande wa mlima. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu, kama unavyofanya mchana ukiwa hautaki kuhusishwa. Maneno ya kichekesho yalimjia, manne au matano, mazuri, yamepanga foleni. Akayaacha yapite.

"Sitaki uende," alisema. "Na utaenda."

"Hayo ni majibu mawili."

"Mke ana haki ya mawili. La kwanza ni langu, nikae nalo. La pili ni lako, shika."

Kijana alimshika mkono, ule mkono wa kuchuma kahawa, na basi la Gakindu likaja, likajaa, likaondoka, na wao bado wamekaa. Walipanda la baadaye.

Jumapili baada ya kanisa, Wakonyo aliwakusanya watu wa boma, akatangaza kwamba mume wake anarudi India. Alisema anarudi, hakusema anakwenda. Ngatia aliweka kikombe cha chai chini. Aliuliza taratibu, kama mtu aliyekwisha kushindwa, "Na kona ya mtoni?"

"Sukuma lori," mama yake alisema. "Nilikuzaa na mabega."

Ngatia alimgeukia mwanawe, akamwambia, "Baba, ukirudi, taa ya kwanza uifunge pale konani, angalau tuone tunachosukuma." Hapo ndipo Kingori alipojua kwamba amepewa ruhusa na pande zote.

Wiki zile zilizobaki, Wakonyo alipita nyuma ya pazia la maua kila siku ya soko, akajifunza. Sufuria ya kwanza aliyopika nyumbani iliungua, mbwa akainusa akaenda zake. Ya pili ilikuwa supu. Ya tatu Ngatia aliila yote, akauliza kama ni dawa.

Asubuhi ya kuondoka kwa Kingori, kabla gari la kumpeleka Nairobi uwanja wa ndege halijafika, cucu yake alimwita jikoni peke yake. Alimpa bakuli. Ilikuwa ya rangi ile ile, samli juu, na kijana alipochota kijiko cha kwanza akakutana na kipande cha nyama ya mbuzi, kikubwa, kimejificha chini kama mkimbizi.

"Cucu."

"Kula. Mama Shashi asijue."

Alikula. Alipomaliza, Wakonyo alichukua funda la maziwa, akampulizia kifuani matone madogo, kama wazee wake walivyombariki mtu wa safari, ingawa Ngatia, ambaye ni mzee wa kanisa, alikuwa mlangoni na ilibidi ageuke aangalie kuku. Akamfunga kifungo cha koti ambacho tayari kilikuwa kimefungwa.

"Sasa sikiliza, mume wangu. Ukifika huko, umtafute yule mwenzangu."

"Cucu, yule alikuwa mzee wakati wa vita. Atakuwa amekufa."

"Basi tafuta yeyote anayepika hivi. Wewe ukiugua, usijifanye mwanamume, omba. Omba waziwazi, sema mimi ni mgonjwa. Halafu umwambie huyo atakayekupikia, Wakonyo wa Gakindu anamsalimu sana, anamshukuru kwa ile mara ya kwanza. Na umwambie ajue sasa nimejifunza, kwa hiyo akimaliza kukuponya akurudishe. Mzima. Nusu sipokei tena."